Geji 12, geji 20 na bunduki ya babu

Mtu akishapata kibali cha kumiliki bunduki ya marisau, yaani ile inayorusha punje nyingi ndogo kwa mfyatuo mmoja, ambayo mitaani tumezoea kuiita shotigani, swali lake la kwanza kwangu huwa ni geji gani anunue, na mara nyingi naona kwamba jibu amekwisha kuja nalo: anataka geji 12 kwa sababu ni kubwa, na kwa kuwa ni kubwa anaamini kwamba ina nguvu kuliko nyingine. Jibu lenyewe halina ubaya. Hata mimi nikilazimishwa kutaja geji moja tu kwa mwindaji wa ndege wa hapa Tanzania, nitataja 12. Ubaya uko katika sababu, kwa maana sababu hiyo huzaa makosa mengine yanayofuatana: kununua risasi nzito kupita kiasi, kumfyatulia ndege aliye mbali mno, na kumkabidhi mtu mwembamba silaha itakayomfanya afumbe macho kila anapogusa kifyatulio.

Nawinda kanga na kwale kwa leseni mkoani Singida, upande wa vichaka vya Itigi, na huu ni mwaka wangu wa 11. Nilianza na geji 16 niliyorithi kwa babu, nikahamia 12, nikaazima 20 ya rafiki kwa msimu mzima, kisha nikarudi 12. Ninayoyaandika hapa yametokana na safari hiyo.

Tuanze na neno lenyewe. Geji haitaji upana wa mtutu kwa milimita wala kwa inchi, inahesabu gololi. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 453.6, uigawe mafungu 12 yaliyo sawa, kila fungu uliviringe liwe gololi: mtutu ambao gololi hiyo inapita ndani yake kwa kukaza ndio mtutu wa geji 12. Ukigawa ratili hiyohiyo mafungu 20, gololi zinakuwa ndogo zaidi, na mtutu wake ni mwembamba zaidi. Ndiyo maana namba ikipanda upana unashuka, jambo linalowachanganya wengi wanaonunua kwa mara ya kwanza. Waliokulia karibu na mizani ya duka la zamani watakumbuka kwamba ratili ina wakia 16, kwa hiyo gololi ya geji 16 ina uzito wa wakia moja kamili, kiasi cha gramu 28. Waingereza waliviandika vipimo hivi katika sheria yao ya ukaguzi wa mitutu ya mwaka 1868, na hadi leo ndivyo vinavyotumika: geji 12 ina upana wa takriban milimita 18.5, geji 16 milimita 16.8, geji 20 milimita 15.6, na geji 28 milimita 14. Ipo pia geji 10, yenye milimita 19.7, lakini hiyo sijawahi kuiona ikibebwa na mtu katika pori lolote nililokanyaga.

Ile ndogo kabisa iitwayo 410 si geji hata kidogo. Namba hiyo ni upana wa mtutu kwa inchi, yaani 0.410, ambayo ni kama milimita 10.4. Kama ingehesabiwa kwa gololi ingeitwa geji 67 au 68. Nalitaja hili kwa sababu kuna bwana mmoja aliwahi kunieleza kwa uhakika kamili kwamba 410 ni dhaifu kwa kuwa "namba yake ni kubwa kupita zote". Alikuwa amekosea sababu na kupatia jibu, kama wale wa geji 12.

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Punje moja ya marisau yenye kipenyo cha milimita 3 ina uzito uleule, iwe imetoka katika geji 12 au katika geji 28. Risasi za geji zote hizi hutengenezwa ili marisau yatoke kwa mwendo unaokaribiana, yaani takriban mita 370 hadi 400 kwa sekunde. Uzito ukiwa uleule na mwendo ukiwa uleule, punje hiyo itamgonga kanga kwa nguvu ileile na kuingia mwilini kwa kina kilekile. Ndege hawezi kujua amepigwa na geji ipi. Kinachobadilika ni idadi ya punje: mtutu mpana hubeba nyingi, mtutu mwembamba hubeba chache. Risasi ya kawaida ya geji 12 ina gramu 32 za marisau, ya geji 16 ina gramu 28, ya geji 20 ina gramu 24 au 25, ya geji 28 ina gramu 21, na ya 410 iliyo fupi ina gramu 14. Kwa punje za milimita 3, gramu 32 ni kama punje 200, gramu 25 ni kama 160, na gramu 14 hazifiki 90.

Punje hizo hutoka zikiwa zimekumbatiana, kisha hutawanyika kadiri zinavyokwenda. Umbali unapofika ambapo nafasi kati ya punje na punje ni pana kiasi cha kumruhusu ndege mzima kupita katikati, au kuguswa na punje moja tu na kwenda kufia kichakani, hapo bunduki hiyo imefikia mwisho wake kwa ndege huyo. Geji kubwa huusogeza mwisho huo mbele kwa mita kadhaa. Haiufuti. Mtu anayesema kwamba geji yake 12 "inapiga mpaka mita 60" anasema kweli kwamba punje hufika, ila hazifiki za kutosha.

Kwa kuwa maneno ya midomoni hayajawahi kuua kanga, nilifanya jaribio ambalo ningependa kila mwenye bunduki alifanye walau mara moja kabla ya msimu. Nilichukua boksi la friji, nikalipasua na kulitandaza, nikafunga kipande cha mkaa kwenye uzi wa sentimita 38, nikazungusha duara. Duara la namna hiyo lina upana wa sentimita 76, na ndilo linalotumiwa na watengenezaji wengi wa bunduki kupimia mtawanyiko, kwa umbali wa yadi 40, yaani mita 36 na nusu. Nilikwenda na rafiki yangu kwenye korongo kavu lenye ukuta mrefu wa udongo nyuma, tukasimamisha boksi, tukapima umbali kwa kamba wala si kwa hatua, kwa sababu hatua za mtu mwenye hamu ya kufyatua huwa fupi.

Mtutu wa kulia wa geji 12 yangu uliacha matundu 94 ndani ya duara. Mtutu wa kushoto, ambao umebanwa zaidi mdomoni, uliacha 128. Risasi zilikuwa za sanduku moja, gramu 32, punje za milimita 3. Kubanwa huko mdomoni, ambako mafundi hukuita choki, ndiko kunakoamua asilimia ngapi ya punje zitabaki pamoja: mtutu usiobanwa kabisa huweka kama asilimia 40 ndani ya duara, choki ya kati asilimia 60, na choki iliyokaza asilimia 70. Geji 20 ya rafiki yangu, ikiwa na gramu 25 na choki ya kati, iliacha matundu 89. Tulihesabu mara mbili, kila mmoja akiweka alama kwa kalamu ya rangi yake, tukabishana juu ya tundu moja lililokuwa mpakani mwa mstari wa mkaa, kisha tukakaa kimya kidogo, kwa sababu matundu 89 na matundu 94 ni kitu kimoja. Geji 20 yenye choki nzuri ilikuwa imelingana na mtutu wa kulia wa bunduki yangu kubwa, na ilikuwa na uzito pungufu wa nusu kilo.

Tangu siku hiyo ninapoulizwa habari ya geji huanza kwa kuuliza: unawinda ndege gani, na humfyatulia kwa umbali gani?

Kanga ana uzito wa kilo moja na robo hivi, manyoya yake ni magumu, na ana roho ya paka. Baada ya mavuno hukuta makundi ya kanga kwenye mashamba ya alizeti na mtama wakiokota punje zilizodondoka, na mwenye shamba atakushukuru ukimpunguzia, kwa maana ndege hawa hufukua hata mbegu zilizopandwa. Lakini kanga ni mkimbiaji. Ukitokea upande wa wazi atakwenda kwa miguu mbele yako nusu saa nzima, akitazama nyuma kama mtu anayedaiwa, bila kuruka. Lazima mmoja azunguke na wengine wasubiri penye kichaka ili kundi lilazimike kuruka, na linaporuka huwa mita 25 hadi 35 kutoka ulipo. Kwa umbali huo, na kwa ndege huyo, nataka punje za milimita 3, au 2.8 ikikosekana, na nataka walau 90 za kuhesabika ndani ya duara. Geji 12 yenye gramu 32 inanipa hizo bila shida. Geji 16 yenye gramu 28 inanipa. Geji 20 inanipa ikiwa choki ni nzuri na mimi nina subira. Geji 28 iko ukingoni, na 410 sitaipeleka kwa kanga hata kwa kuombwa: kwa hesabu za kawaida itaweka punje chini ya 65 ndani ya duara hata choki ikiwa imekaza, na maana yake ni ndege waliovunjika miguu wakipotelea vichakani.

Kwale ni habari nyingine. Ni mdogo, wengi wao hawazidi nusu kilo au zaidi kidogo, hulala chini majanini mpaka umkanyage nusura, kisha huruka kwa kishindo mita 15 mbele yako na moyo wako huruka pamoja naye. Hapo gramu 32 kutoka mtutu uliokaza ni uharibifu mtupu. Utaokota manyoya na kipande cha mguu. Kwa kwale geji 20 yenye choki ya wazi, punje za milimita 2.4 au 2.5, ni silaha tamu sana, na geji 28 ni tamu zaidi kama utapata risasi zake. Njiwa wa kwenye mashamba vilevile.

Hapa nitoe tahadhari kuhusu namba zilizoandikwa kwenye masanduku ya risasi, kwa sababu madukani kwetu hufika bidhaa za nchi mbalimbali na kila nchi ina kipimo chake. Namba 6 ya Marekani ni punje za milimita 2.8. Namba 6 ya Uingereza ni milimita 2.6. Namba 5 ya Uingereza ndiyo inayolingana na namba 6 ya Marekani. Usinunue kwa namba. Geuza sanduku usome milimita, ambazo kwa kawaida huandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Mwaka wangu wa tatu nilinunua sanduku la namba niliyoizoea, nikalaumu bunduki kwa wiki mbili, kumbe punje zilikuwa ndogo kuliko za mwanzo.

Rafiki yangu mwenye geji 20 ni Mwislamu, na kwake ndege ni lazima achinjwe angali hai, kwa hiyo ana sababu yake ya ziada ya kuchagua. Hataki ndege asambaratike, na hataki pia aliyejeruhiwa akimbie. Anasubiri ndege awe karibu, anafyatua mara moja, anafungua bunduki na kutoa ganda, kisha anakwenda mbio na kisu mkononi huku akitaja jina la Mwenyezi Mungu. Mimi Mkristo nimefaidika na utaratibu wake kuliko mahubiri yoyote ya maadili ya uwindaji, kwa kuwa mtu anayelazimika kumfikia ndege angali anapumua hafyatui ovyo kwa mita 50.

Sasa bega. Bunduki hupiga teke, na ukubwa wa teke hutokana na mambo matatu: uzito wa marisau, mwendo wake, na uzito wa bunduki yenyewe. Geji haimo katika orodha hiyo. Gramu 28 zikitoka kwa mwendo uleule katika bunduki ya kilo 2.7, bega litasikia kitu kilekile iwe imeandikwa 12 au 20. W. W. Greener, fundi wa bunduki wa Birmingham katika karne ya 19, aliacha kanuni ambayo bado inafaa: bunduki iwe na uzito mara 96 wa marisau inayoyarusha. Kwa gramu 28 utapata kilo 2.7, kwa gramu 32 utapata kilo 3 na kidogo, na kwa gramu 36 utapata karibu kilo 3 na nusu. Ukitumia marisau mazito katika bunduki nyepesi, deni hilo atalilipa mtu.

Shemeji yangu alilipa. Ni mtu wa umbo dogo, na alinunua geji 12 nyepesi ya mitutu miwili, akashauriwa na muuzaji achukue risasi za gramu 36 "zenye nguvu". Siku ya kwanza alipata alama nyeusi begani yenye ukubwa wa kiganja. Siku ya pili nilimwekea ganda tupu kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea risasi, bila yeye kujua, nikamwambia afyatue: mdomo wa bunduki ulishuka chini kama mtu aliyeshtushwa usingizini, na macho yalikuwa yamefumbwa kabla kidole hakijavuta. Ndugu walimshauri auze anunue geji 20. Nilimwomba asubiri, nikamtafutia sanduku la geji 12 lenye gramu 24, ambazo hutengenezwa kwa ajili ya mchezo wa kulenga visahani vya udongo. Alifyatua 10 na kuniuliza kama ni risasi za kweli. Hiyo ndiyo fadhila kubwa ya geji 12, na husemwa mara chache: inaweza kufanywa ndogo. Unaweza kuipa gramu 24 kwa mafunzo na kwale, gramu 32 kwa kanga, na gramu 36 kwa siku ambayo huna budi, yote katika bunduki moja.

Geji 20 haiwezi kufanywa kubwa kwa urahisi huohuo. Zipo risasi zake ndefu za milimita 76 zinazobeba gramu 32 au zaidi, na watu huzinunua wakidhani wamepata geji 12 nyepesi. Marisau yanapopangwa marefu ndani ya mtutu mwembamba, yale ya chini hubanwa na yale ya juu na mengi hupoteza uviringo, na punje isiyo ya mviringo haiendi moja kwa moja. Juu ya hayo, bunduki ya geji 20 ni nyepesi, kwa hiyo teke lake kwa gramu 32 ni kali kuliko la geji 12. Ukiwa na geji 20, iache iwe geji 20.

Jambo linalofuata ningeomba lisomwe polepole. Maganda ya risasi za geji 20 huwa ya rangi ya njano, na njano hiyo haikuwekwa kwa urembo. Nyumbani, mezani, nikiwa na maganda matupu, nilimwonyesha kijana wangu: nilidondosha ganda la njano kwenye chemba ya geji 12, likapita, likatelezea ndani, likakwama mbele mahali ambapo chemba inaanza kuwa nyembamba. Ukitazama haraka, chemba inaonekana tupu. Kisha nikaweka ganda la geji 12 nyuma yake, likaingia bila kipingamizi chochote, nikafunga bunduki, ikafunga sawasawa. Kijana alinitazama bila kusema neno. Kama maganda yale yangekuwa na baruti, mtutu ungepasuka mahali hasa ambapo mkono wa kushoto unashika. Kwa hiyo sisi wawili, mimi na rafiki yangu, hatubebi mkoba mmoja wa risasi. Kila mtu mfuko wake, na jioni kila mtu huhesabu zake. Familia inayofikiria kumiliki geji 12 na 20 chini ya paa moja ilipime jambo hili kwanza, kabla ya bei.

Bei, kwa kweli, si kikwazo kikubwa kama upatikanaji. Maduka ya silaha nchini ni machache, na katika hayo machache rafu ya geji 12 ina chaguo, ya geji 20 ina sanduku mbili tatu, na ya 16 na 28 mara nyingi haipo. Rafiki yangu huagiza risasi zake Dar es Salaam miezi kadhaa kabla, na kuna msimu alianza na risasi 15 tu. Silaha isiyo na risasi ni fimbo ya gharama, na unailipia kibali. Hii ndiyo sababu yangu ya kweli ya kumpa mgeni geji 12, wala si nguvu.

Kuhusu bata wa mabwawani, mfano wa wale wa Bahi, upimaji hubadilika tena. Marisau ya madini ya risasi yakizama kwenye tope humezwa na bata pamoja na changarawe, na humuua kwa sumu baada ya siku kadhaa. Marekani iliyapiga marufuku kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, na mkataba wa kimataifa wa ndege wa majini wahamao wa Afrika na Ulaya, ambao Tanzania ni mwanachama, unazitaka nchi ziyaache katika maeneo oevu. Mbadala wa bei nafuu ni marisau ya chuma, ambayo ni mepesi, kwa hiyo hupandishwa saizi mbili ili yafike na nguvu. Punje kubwa maana yake ni punje chache kwa kila gramu, na hapo mtutu mpana unapata hoja nzuri. Kwa chuma geji 12 inaishinda 20 waziwazi. Ila usiyapitishe kamwe katika bunduki ya kale yenye mitutu ya kuta nyembamba na choki iliyokaza.

Kwa wanyama sitasema mengi. Digidigi na sungura huangushwa kwa marisau makubwa kidogo kwa karibu. Ngiri na nguruwe pori wanahitaji risasi ya gololi moja na mtu anayejua inakokwenda, na wakubwa zaidi ya hao wanahitaji raifo. Leseni ya uwindaji itakuambia mnyama gani na wangapi, na sheria inakataza kuwinda ukiwa ndani ya gari au kwa kumulika taa usiku, geji yoyote utakayobeba. Wasomaji wa Kenya wananiandikia kwamba mjadala huu kwao ni wa nadharia, kwa kuwa uwindaji wa burudani umepigwa marufuku huko. Walioko kwenye visahani vya udongo watumie geji 12 ya gramu 24 na wafurahi.

Imebaki bunduki ya babu. Alikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge wilayani Korogwe, na katika miaka ya kwanza ya Uhuru mwenye shamba, alipokuwa akifunga virago, alimuuzia shotigani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, kazi ya mafundi wa mji wa Suhl, Ujerumani. Wajerumani waliipenda sana geji 16, na ndiyo sababu bunduki nyingi za zamani za geji hiyo nchini kwetu zina chapa za kwao. Baada ya mirathi na mlolongo wa kuibadilisha jina polisi, niliipeleka kwa fundi kabla ya kuifyatua, na nashukuru kwamba nilifanya hivyo. Chini ya mitutu, karibu na bawaba, pamepigwa namba 16, na pembeni yake 65. Hiyo 65 ni urefu wa chemba kwa milimita. Risasi za geji 16 za siku hizi zina urefu wa milimita 70, na hila yake ni kwamba zinaingia, kwa sababu zikiwa zimekunjwa mdomoni ni fupi. Unapofyatua, ule mkunjo hufunguka na kukosa nafasi, mdomo wa ganda hujibana kwenye shingo ya mtutu, na msukumo wa baruti hupanda kupita ule ambao fundi wa Suhl aliukusudia. Babu aliifyatua kwa risasi zozote alizopata, kwa miaka mingi, na mitutu ilivumilia. Fundi wangu aliniambia nisiendelee kuijaribu bahati ya mzee.

Kilo 2.8, tako la mti wa jozi lililosuguliwa na shavu la babu mpaka likang'aa, gramu 28 za marisau: kama ningechagua kwa moyo peke yake, ningesema geji 16 ndiyo geji ya kanga na kwale kwa pamoja, nyepesi karibu kama 20 na yenye punje karibu kama 12. Msomaji mmoja aliyeko Ujerumani aliniuliza kwa nini basi siipendekezi. Siipendekezi kwa sababu risasi zake za milimita 65 nilizipata mara moja tu, sanduku moja la 25, na tangu hapo sijaona jingine. Huwa naitoa siku moja kwa mwaka, mwezi wa Agosti, na risasi mbili mfukoni, kwa kwale tu. Mwaka jana nilirudi na kwale mmoja na risasi moja. Kwenye sanduku zimebaki 17.